Jicho la Upepo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwisho wa mwezi



Tulipoombwa kusema nanyi jioni hii, Bwana Katibu alituachia hiari ya kuchagua habari tuitakayo, mradi iwe na faida kwa watu wanaokula kwa kalamu. Tumechagua habari ya maneno, kwa kuwa maneno ndiyo jembe letu. Mkulima hulitazama jembe lake asubuhi kabla ya kwenda shamba, akaona kama mpini umelegea. Sisi makarani twayatumia maneno tangu saa ya kufungua ofisi hata saa ya kufunga, na mara chache tu twayageuza kuyatazama upande wa nyuma.

Wengi wenu mmekwisha kuisikia hadithi ya kijiji kilichochimba mashimo. Husimuliwa ofisini wakati wa chai, na kila msimulizi huitia chumvi yake. Yasemwa ya kwamba wenyeji wa kijiji kimoja waliandikiwa barua ya serikali kuwataka watoboe matundu ya hewa katika nyumba zao, nao, kwa ujinga wao, wakachukua majembe wakachimba mashimo ardhini kuizunguka kila nyumba. Hapo watu hucheka, na mmoja hutikisa kichwa akasema, “Watu wa shamba hao!” Twaiweka hadithi hii kando kwa sasa. Tutairudia kabla ya kuketi, maana ndiyo iliyotufanya tusimame hapa.

Neno lenyewe lililoandikwa katika barua ile ya Kiingereza lilikuwa “airhole”. Ni neno la kuunganishwa, lililofanywa kwa maneno mawili: “air”, yaani hewa, na “hole”, ambalo kwa sasa hatutalitafsiri. Maneno haya mawili hayakuzaliwa nyumba moja. “Air” ni mgeni: lilitoka kwa Wagiriki, likapokewa na Warumi, likakaa kwa Wafaransa, kisha likaingia Uingereza katika zile karne ambazo Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa wa nchi hiyo, baada ya kutekwa na Wanormani mwaka 1066. “Hole” ni mwenyeji. Waingereza wa kale walikuwa nalo kabla ya Wanormani kuvuka bahari. Basi neno hili ni ndoa ya mgeni na mwenyeji.

Tusiwaone Waingereza kuwa watu wa ajabu kwa hilo, kwa sababu nasi tumefanya vivyo hivyo. Tukisema “tundu la hewa”, tundu ni letu tangu zamani, na hewa tumeipokea kwa Waarabu. Tukisema “mwanasheria”, mwana ni wetu na sheria imekuja kwa jahazi. Lugha yenye afya haioni haya kuozesha binti yake kwa mgeni mwema.

Sasa, neno “airhole” lina maana zaidi ya moja. Maana ya kwanza ndiyo tuijuayo: tundu la kupitishia hewa, katika ukuta, katika sanduku la kusafirishia kuku, katika tanuu, au katika chombo chochote ambacho kisipopumua kitu kilichomo huharibika au hufa. Maana ya pili ni ya mafundi wa kusubu madini: chuma au shaba iliyoyeyushwa inapomiminwa katika kalibu, huenda hewa ikanaswa ndani, na madini yakiisha kupoa huwa na uwazi mdogo usioonekana kwa nje. Fundi huuogopa uwazi huo, kwa sababu hapo ndipo chuma kitakapovunjika siku ya kubeba mzigo.

Maana ya tatu ni ya nchi za baridi. Huko, wakati wa kipusa, maji ya mito na maziwa huganda juu yakawa magumu kama sakafu, watu wakapita juu yake kwa miguu hata kwa magari ya kukokotwa na farasi. Lakini mahali pengine maji hayagandi, au huganda utando mwembamba tu, pakabaki uwazi. Nao uwazi huo huitwa “airhole”. Sili, mnyama wa baharini anayevuta pumzi kama sisi, hutoa pua yake katika uwazi wa namna hiyo ili apate kuvuta hewa. Lakini msafiri asiyeuona hutumbukia, na huenda asionekane tena. Basi angalieni jinsi neno moja linavyoweza kuwa uhai kwa huyu na mauti kwa yule. Twaomba mlikumbuke jambo hili, tutalihitaji baadaye.

Taabu yote, mabwana, imo katika lile neno “hole”. Mwingereza ana neno moja kwa vitu ambavyo Mswahili amevitenga. Panya anaingia katika “hole”. Fito inachimbiwa “hole”. Suruali iliyotoboka ina “hole”. Ukuta uliotobolewa una “hole”. Sisi tuna shimo, tuna tundu, tuna tobo, tuna upenyo, tuna mwanya. Shimo huchimbwa, na aghalabu lina chini yake. Ukitia kitu shimoni, kinakaa. Tundu hutobolewa, na tundu la ukutani lina upande wa pili. Ukitia kitu, kinapita. Mtoto wa miaka mitano anayecheza uani haombi msaada wa kamusi ili ajue tofauti hii. Lakini mtu aliyesoma anaweza kuisahau, akiwa na kamusi mkononi na mkuu wa ofisi mlangoni.

Hayo ndiyo ya “airhole”. Lakini Waingereza wana neno la zamani zaidi kwa tundu la kupitishia hewa, na hilo kila mmoja wetu alijifunza katika darasa la kwanza la Kiingereza. Ni “window”. Twaliandika kila siku wala hatushuku kwamba nalo ni maneno mawili yaliyoshikana hata mshono usionekane.

Waingereza wa kale hawakuwa na neno hilo. Wao waliita dirisha “eagthyrl”, yaani tobo la jicho. “Eag” ni jicho, na “thyrl” ni kitu kilichotobolewa. Neno hilo limekwisha kufa, ila nusu yake ingali hai mahali pasipotazamiwa. Tundu la pua Waingereza huliita “nostril”, nalo kwa asili ni “nosthyrl”, tobo la pua. Basi kumbe zamani dirisha na tundu la pua yalikuwa ndugu: moja ni tobo la kuonea, moja ni tobo la kupumulia. Sisi tulitazama pua ile ile tukaona mianzi, tukasema mianzi ya pua. Kila watu na jicho lao.

Kisha wakaja watu wa kaskazini. Tangu mwisho wa karne ya 8 mabaharia wa Norway na Denmark walivuka bahari wakaishambulia Uingereza. Mwaka 793 waliiteka nyumba ya watawa ya Lindisfarne, na tangu mwaka 865 jeshi kubwa lao lilikaa nchini, na wengi wakapewa au wakajitwalia mashamba upande wa kaskazini na mashariki. Kuanzia mwaka 1016 hata 1035 Uingereza yote ilikuwa chini ya mfalme wa Kideni, Cnut. Watu hao walioa, walilima, waliuza na kununua, na maneno yao yakaingia majumbani. Neno la yai, neno la kisu, neno la mbingu, hata neno la mume, Waingereza waliyapata kwao. Na kwao pia walipata “vindauga”. “Vind” ni upepo, na “auga” ni jicho. Jicho la upepo. Kufikia karne ya 13 neno hilo limo katika maandishi ya Kiingereza, limekwisha kuvaa nguo za Kiingereza, na kwa taratibu likawa “window”. Hata leo Wadeni husema “vindue”, na Wanorway husema “vindu”.

Jicho la upepo! Mtu akiyatafakari maneno hayo mawili, aiona nyumba ya watu wale bila ya kuonyeshwa picha. Aliona tundu lisilo na kioo. Aliona moto katikati ya nyumba, na moshi unaotafuta njia. Kioo cha dirisha hakikuwa kitu cha watu wote. Benedict Biscop, mtawa aliyejenga nyumba ya watawa ya Monkwearmouth mwaka 674, ilimbidi kuleta mafundi wa kioo kutoka Gaul, ndiyo Ufaransa ya leo, kwa kuwa kwao hawakupatikana. Baada yake zilipita karne nyingi kabla ya mtu wa kawaida kuweka kioo dirishani pake. Kwa muda wote huo dirisha lilikuwa la upepo kwanza, na la macho baadaye. Neno lilihifadhi kazi ya kitu, hata kitu chenyewe kilipobadilika umbo.

Tena tukitazama mataifa mengine twaona kwamba watu waliosimama mbele ya tundu lile lile wamelipa majina kwa njia tatu. Wako walioona jicho. Wagoti wa kale waliita dirisha “augadauro”, mlango wa jicho. Warusi huliita “okno”, neno lililo ndugu na neno lao la kale la jicho. Na katika Sanskrit, lugha ya kale ya Bara Hindi, jina moja la dirisha ni “gavaksha”, yaani jicho la ng’ombe. Wako walioona upepo: Wahispania husema “ventana”, kutoka neno la Kilatini la upepo, “ventus”. Na wako walioona mlango mdogo: Wareno husema “janela”, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kijilango.

Na sisi je? Sisi tumo katika kundi hilo la tatu, pamoja na Wareno, ingawa hatukulipata kwao. Dirisha ni neno la Kiajemi, “dariche”: “dar” ni mlango, na kile kipande cha mwisho ni cha kudogosha, kama sisi tunavyosema kilango. Lilifika pwani yetu kwa zile pepo za misimu zilizoleta vyombo kutoka Ghuba, pamoja na mazulia na tende. Waajemi hao hao wana neno jingine lipendezalo, “badgir”, yaani mshika upepo. Huo ni mnara unaojengwa juu ya paa la nyumba, wenye matundu marefu pande zake, unaonasa upepo wa juu na kuuteremsha vyumbani. Katika mji wa Yazd minara hiyo ni mingi, na ng’ambo ya Ghuba nayo ilijengwa, katika Bahrain na Dubai. Watu wa nchi ya joto kali walijua kwamba nyumba isiyo na tundu la juu ni tanuu.

Maana, mabwana, jambo lenyewe halina siri. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda juu. Ikikuta tundu karibu na paa, hutoka, na hewa mpya huingia kwa chini kuchukua mahali pake. Isipokuta tundu, hukaa. Na mtu akilala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mlalaji huenda asiamke. Tena kifua kikuu hupenda chumba ambacho watu wengi huvuta pumzi moja. Kwa hiyo barua ile ya matundu ya hewa haikuwa barua ya upuzi. Ilikuwa barua ya kuokoa roho za watu.

Lakini amri njema yaweza kufika kwa watu ikiwa imegeuka kitu kingine, na hapa historia ya Uingereza ina fundisho kwa watu wa kazi yetu. Mwaka 1696, katika enzi ya Mfalme William wa Tatu, serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya madirisha. Kila nyumba ililipa shilingi 2, na nyumba yenye madirisha zaidi ya 10 iliongezewa kodi. Waliotunga kodi hiyo walifikiri: mwenye mali ana madirisha mengi, na madirisha huhesabiwa kutoka barabarani bila ya kumwingilia mtu chumbani. Hesabu ilikuwa nzuri mezani. Huko mitaani watu waliita waashi wakaziba madirisha kwa matofali. Hata leo katika miji ya Uingereza ziko nyumba za kale zenye umbo la dirisha ukutani, nalo limezibwa. Katika nyumba zilizopangishwa kwa maskini wengi pamoja, mwenye nyumba aliziba dirisha, na mpangaji akaziba kohozi kwa kitambaa. Waganga walilalamika, na kodi hiyo haikuondolewa hata mwaka 1851. Miaka 155! Hakuna mkubwa aliyeandika “zibeni pumzi za watu”. Lakini ndivyo ilivyosomwa kwa mkono wa mwashi.

Liko neno moja zaidi la kutazama, nalo ni “ventilate”, ambalo Waingereza hutumia kwa kutia hewa chumbani. Asili yake ni lile lile “ventus”, upepo. Na kwa Kilatini maana yake ilikuwa kupepea, tena kupepeta nafaka ili makapi yapeperuke. Kila aliyemwona mama yake na ungo aijua kazi hiyo. Sasa jambo la kushangaza ni hili. Katika Kiingereza, neno hilo lilitumika kwa kujadili shauri hadharani tangu karne ya 16. Lakini kulitumia kwa kutia hewa safi chumbani kulikuja baadaye, katika karne ya 18. Wakati huo kasisi mmoja mpenda elimu, Stephen Hales, alitoa kitabu mwaka 1743 juu ya mitambo ya kutia hewa, mfano wa mivukuto mikubwa. Mitambo yake ilitiwa katika meli, katika hospitali na katika magereza. Na katika gereza la Newgate, London, mwaka 1752 mtambo huo uliendeshwa kwa pangaboi kubwa la upepo lililowekwa juu ya paa. Basi watu walipepeta maneno yao kwanza, kisha ndipo walipopepeta hewa ya vyumba vyao. Kusema malalamiko mbele ya watu, na kutoboa tundu ukutani, katika lugha hiyo ni tendo moja.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, turudi kijijini.

Barua ile ya Kiingereza ilikuwa fupi. Ilisema kila nyumba iwe na “airholes” mbili chini ya upenu, na iliambatana na picha ndogo iliyochorwa kwa wino, kuonyesha ukuta na matundu mawili juu, karibu na paa. Ilifika ofisini mchana wa Jumamosi, ikatakiwa itoke kwa Kiswahili kabla ya kufunga. Karani aliyepewa kazi hiyo alifungua kamusi, akaona “hole”, akaona neno la kwanza lililoandikwa mbele yake, akaliandika. Stensili iliyobaki ilikuwa moja tu, na picha ingehitaji nafasi, basi akaiacha picha. Barua ya Kiswahili ikatoka hivi: “Kila nyumba iwe na mashimo mawili ya hewa chini ya upenu.” Chini ya upenu ni wapi? Ni pale nje ya ukuta, mahali watu wanapokaa barazani jioni, mahali matone ya mvua yanapoangukia. Watu wakasoma, wakachukua majembe, wakachimba. Barua haikutaja kina, kila mtu akachimba kwa kadiri ya utii wake.

Mvua ikanyesha, mashimo yakajaa maji, mbu wakazaliana. Usiku mmoja mama mzee alitoka kwenda msalani, akatumbukia katika shimo la mlangoni pake mwenyewe, akavunjika mguu. Tangu hapo hutembea kwa mkongojo. Bwana Afya alipokwenda kukagua, akaona mashimo, akarudi ofisini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Na sisi sote tuliokuwapo tukacheka. Hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa. Hakuna aliyeomba faili.

Karani yule, wanachama wenzetu, ndiye huyu anayesema nanyi. Mkono ulioandika “mashimo” ni mkono huu uliowashikia karatasi hii. Tulicheka pamoja na waliocheka, hali tulijua. Tumeisikia hadithi hiyo katika ofisi tatu tulizohamishiwa, nasi kila mara tulinyamaza. Na kunyamaza kule kulikuwa uongo uliorudiwa kila siku wakati wa chai.

Mwaka jana tulipata likizo, tukapanda baiskeli tukaenda kijijini kumwona mzee wa mahali pale, ambaye yule mama aliyevunjika mguu ni shangazi yake. Tuliamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatupa kigoda na maji ya kunywa. Tulipokwisha kueleza, alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Mwanangu, barua ilisema shimo. Kijana wetu aliisoma mara tatu, nasi tulishangaa, maana hewa ya shimoni haifiki kitandani. Mmoja wetu alitaka kuja huko kwenu kuuliza. Wenziwe wakamwambia, barua ya serikali haiulizwi. Basi tukachimba.” Akanyamaza tena, halafu akauliza, “Na huko ofisini, mwatusemaje?”

Hatukuwa na la kujibu. Tulitazama chini kama mtoto aliyeshikwa na sukari mkononi. Tukaomba radhi, kwake na kwa shangazi yake, nao wakatusamehe kwa upole uliotuumiza kuliko kama wangetutukana. Siku ile kabla ya kuondoka tulipanda juu ya kinu, tukatoboa kwa mkono wetu matundu mawili katika ukuta wa chumba cha yule mama, pale juu, karibu na makuti. Upepo ukaingia. Akasema, “Kumbe ndiyo haya?”

Ndipo tulipofahamu, mabwana, ya kwamba wale watu hawakuwa wajinga. Walielewa Kiswahili vizuri kuliko sisi. Walijua shimo ni shimo. Waliona hata kwamba amri haina akili. Kilichowakosa ni tundu la kulipitishia swali lao. Barua yetu ilikuwa chumba kisicho na jicho la upepo: maneno yaliingia mlangoni, mlango ukafungwa, na hakuna neno lililoweza kutoka kurudi kwetu. Na ndani ya chumba cha namna hiyo mtu hupumua alichopewa, kiwe hewa, kiwe sumu. Lile neno walilotumia wasafiri wa nchi za baridi kwa uwazi wa kutumbukia, sisi tulilifanya kuwa kweli katika nchi ya jua.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mashauri manne, myapepete kama mpendavyo.

Shauri la kwanza: karani anayetafsiri barua iendayo kwa watu asiipige chapa kabla ya kumsomea mtu mmoja asiyejua Kiingereza, awe tarishi, awe mpishi, awe mama muuza maandazi nje ya ofisi, kisha amwulize, “Ungefanya nini ukipata barua hii?” Jibu lake ndilo tafsiri yetu ya kweli.

Shauri la pili: tutafsiri kazi ya kitu, si gamba la neno. Kama tungalijiuliza tundu hilo ni la kufanya nini, tungaliandika “matundu mawili ya kupitishia hewa, juu ya ukuta, karibu na paa”, na mguu wa yule mama ungalikuwa mzima.

Shauri la tatu: tusiache picha kwa ajili ya kubania stensili. Karatasi ni rahisi kuliko mfupa wa mtu.

Shauri la nne: kila barua ya amri iwe na mstari wa mwisho usemao ni nani wa kuulizwa, na siku gani anapatikana. Wahenga walikwisha kusema, kuuliza si ujinga. Bali kumfanya mtu aogope kuuliza, huo ndio ujinga, na mara nyingi ni wetu wenye kalamu.

La mwisho si shauri, ni ombi. Mkiisikia tena hadithi ya kijiji kilichochimba mashimo, msiizuie, isimulieni. Ila isimulieni yote. Semeni palikuwa na karani aliyesoma, aliyekuwa na kamusi na haraka, akaandika shimo mahali pa tundu, na palikuwa na watu waungwana waliotii. Kama mtataka na jina lake, twawapa ruhusa kulitaja.

Bwana Mwenyekiti, chumba hiki kina joto, nasi tumesema kwa muda mrefu. Twaomba aliye karibu na dirisha alifungue.